Bibi, Bangili Inavuka Sasa

Bibi, shikamoo.

Nasubiri kidogo hapa, maana kuitikia shikamoo kwako halikuwa jambo la haraka. Ungesema marahaba, halafu marahaba tena, halafu ungeuliza nimeamkaje, nimekula nini, na yule mwanaume wa pikipiki wa hapa Katoro bado ananisumbua au ameshika adabu. Basi nijibu yote kwa mpigo. Nimeamka vizuri. Nimekunywa chai na michembe, vile viazi vikavu, aliyonitumia shangazi Nkamba. Mwanaume wa pikipiki ameoa huko Ushirombo. Usicheke.

Najua hukujua kusoma. Na shangazi akiniona namwandikia barua mtu tuliyemzika wenyewe, atasema saluni imenitia wazimu. Lakini leo Jumatatu, wateja wachache, nimekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele na daftari mapajani, na kalamu hii nimeishika tangu saa moja na nusu asubuhi. Asubuhi, Bibi! Wengine wakisoma hapo watapita tu. Wewe ungepiga kigelegele.

Nina mambo mawili ya kukuambia. Moja ni habari njema. La pili ni kukuomba radhi, na hilo ndilo limenifanya nikae mwaka mzima bila kuandika.

Unakumbuka nilivyorudi kwako Samuye? Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na sijisifu, nilikuwa msusi ninayetafutwa. Wake za wenye mashimo ya dhahabu walipanda pikipiki kutoka Rwamgasa kuja kunifuata mimi, si mwingine, wakitaka rasta zile nyembamba ambazo mtu mwenye haraka hawezi kuzisuka. Kisha dole gumba la kulia likaanza kuuma. Nikasema ni kazi. Vikafuata vidole vingine, mkono wa pili, viwiko, magoti, hadi nyayo. Nikiamka siwezi kufunga kifungo cha blauzi. Mteja mmoja akaniangalia kwenye kioo akasema, "Dada, leo unasuka au unamenya mihogo?" Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya saluni kulia.

Hapa Katoro kila mtu alikuwa daktari. Mmoja alisema ni zebaki, eti nimesuka sana vichwa vya watu wa machimboni. Mwingine alisema ni msusi wa jirani, ananionea wivu. Wengi walisema ni ngoma, UKIMWI, wanaona haya tu kunitamkia usoni. Nilipima mara tatu, mara tatu nikaambiwa niko salama, na mara tatu watu wakasema vipimo vya siku hizi havieleweki. Mwisho mwenye saluni akampa mtu mwingine kiti changu. Nikafunga begi nikaja kwako.

Ulinikuta jikoni nimeshika kikombe cha uji kwa viganja viwili, kwa sababu vidole havikunjiki. Ulisimama mlangoni ukaniangalia. Halafu ukasema, "Mke mwenzangu, nani kakupiga?"

Tangu nikiwa mdogo uliniita mke mwenzako, eti babu alikufa akiwa ametuoa wote wawili. Siku ile utani ule uliniingia vibaya. Nililia kama mtoto, ukaninywesha uji kwa kijiko, ukinisema kwamba nalia mpaka uji unaingia chumvi.

Tukaanza kuhangaika. Unajua mwenyewe safari zilivyokuwa: kutoka nyumbani kwa bodaboda mpaka barabarani, kusubiri gari, kufika mjini, kupanga foleni. Mpaka niitwe ndani ni saa nane mchana, na saa nane mikono yangu, inayokaza asubuhi, imeshalegea. Daktari ananiambia kunja ngumi, nakunja. Fungua, nafungua. Ananiuliza unaumwaje, na mimi, kwa malezi yetu ya kutomchosha mtu na shida zako, najibu, "Naumwa kidogo tu, daktari." Kidogo tu! Mtu ambaye alfajiri amevalishwa nguo na bibi yake. Basi nikapewa dawa ya malaria. Siku nyingine ya taifodi. Siku nyingine wakasema ni homa ya maziwa mabichi, ukaapa kwamba maziwa yako yanachemshwa mpaka yanalalamika. Mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba msichana wa umri wangu haumwi viungo, nipunguze mawazo, nitafute mchumba.

Yule siwezi kumlaumu sana. Alichokiona mbele yake ni msichana mzima anayekunja ngumi.

Sasa nafika penye uzito, Bibi. Nivumilie.

Asubuhi moja ulikuja kitandani kwangu na bangili yako ya shaba, ile uliyovishwa siku ya kuolewa. Ukasema, "Lete mkono." Ukajaribu kunivisha, ikagoma kwenye viungo vya vidole, vilikuwa vimevimba. Ukavuta kigoda, ukakaa. Ng'ombe walipofunguliwa kwenda malishoni ukasema tena, "Lete mkono." Ikagoma. Walipopita kwenda kunywa maji lamboni, jua likiwa juu kabisa, ukaniita nikiwa uani, ukajaribu, ikavuka. Ukaenda nyuma ya mlango, ukachukua uzi ule wa kushonea magunia, ukafunga fundo.

Ukafanya hivyo kesho yake. Na kesho kutwa. Mwezi ukiandama unaanza uzi mpya. Siku nyingine fundo dogo, siku nyingine kubwa, na mara moja moja unapima upana wa kidole kwenye uzi, unaacha bila fundo. Nilikuuliza ni nini, ukasema, "Wewe lete mkono tu." Maneno kwako yalikuwa akiba.

Na mimi nilikuwa nimeokoka huku Katoro. Unamjua mtu aliyeokoka karibuni, anaona shetani hata kwenye ufagio. Nikajisemea: bangili ya shaba, uzi, mafundo, mwezi ukiandama, huu ni uganga. Bibi ananifunga kwa mizimu. Nikawa naomba kimoyomoyo kila ukinishika mkono, nakemea wewe ukiwa hapo hapo unanipapasa vidole.

Mpaka siku ile. Nilikuwa na maumivu mabaya, sikulala, ukaja na "lete mkono" yako. Nikaichukua ile bangili nikaitupa uani. Ilibingirika mpaka karibu na zizi. Nikakwambia, "Mimi ni mtoto wa Mungu, uganga wako kampe mwingine." Nilisema kwa sauti, shangazi akasikia, na jirani aliyekuja kuomba moto akasikia.

Ulitoka taratibu ukaiokota. Ukaifuta kwa pindo la kanga. Ukaniangalia, ukasema neno moja tu la kwetu, "Wabeja." Ukanishukuru, Bibi. Mpaka leo sijui ulikuwa unanishukuru nini, na neno hilo sasa nikiambiwa na mteja huwa linanichoma kidogo.

Kesho yake alfajiri: "Lete mkono." Kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wakati mtama unaanza kukomaa ukatangaza kwamba tukimaliza kuvuna tutaenda hospitali kubwa ya Mwanza, wote wawili. "Safari hii nitasema mimi," ukasema. Niliogopa! Nilikuona kabisa mbele ya daktari, na bangili yako na nyuzi zako, unamweleza habari za mizimu kwa Kisukuma, na mimi natafuta pa kuficha uso. Mungu anisamehe, niliomba mavuno yachelewe.

Hayakuchelewa. Wewe ndiye hukuyamaliza. Kifua kilikubana siku nne tu. Siku ya tatu ulitaka nikusuke ule msuko wa twende kilioni, mistari sita, eti huwezi kulala kama kichaa. Nilisubiri mchana mikono ilegee nikakusuka. Kazi ya nusu saa ilinichukua mpaka ng'ombe wakarudi. Ukapapasa kichwa ukasema mstari wa tatu umepinda. Ulikuwa umepinda kweli. Kesho yake tukakupoteza, na ukazikwa na mstari wangu uliopinda, na mtama uliobaki tukauvuna sisi.

Matanga yalipokwisha, shangazi Nkamba alinipa fungu limefungwa kwenye kipande cha kanga yako. Nyuzi nane, bangili katikati. "Amesema ni mali yako," akaniambia. Nikapokea kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua. Kanisani kwetu Katoro Jumapili ile kulikuwa na maombi ya kuchoma vitu vya kienyeji. Nikapanga safari hivi: Ijumaa nipite Mwanza hospitali, kwa sababu karatasi ya rufaa ulikuwa umeshanilazimisha kuitafuta, halafu niendelee Katoro, na Jumapili nyuzi zako ziingie motoni.

Ndiyo, Bibi. Nilikuwa naenda kukuchoma.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Niliingia saa saba mchana, mikono imelegea kama kawaida yake. Akauliza kinachonisumbua. Nikasema viungo. Akauliza asubuhi nikiamka vinakaza kwa muda gani. Nikasema, kama siku zote, "Kidogo tu." Akaomba karatasi za hospitali nilizopita. Nikaingiza mkono kwenye begi, nikavuta karatasi, na fungu lako likaja nazo. Likaanguka mezani pake, kanga ikafunguka, bangili ikalia kwenye meza.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kukusanya haraka haraka, nikasema, "Samahani daktari, haya ni mambo ya bibi yangu, yanaenda kuchomwa." Akaweka kiganja juu ya zile nyuzi. Akauliza, "Yanachomwa kwa nini? Ni ya nini?"

Nikamweleza ili ayaache. Nikasema bibi yangu alikuwa mtu wa zamani, kila asubuhi alikuwa ananijaribishia bangili hii. Ikivuka nikiamka tu, anaacha nafasi ya kidole kwenye uzi. Ikigoma mpaka ng'ombe watoke, anafunga fundo dogo. Ikigoma mpaka wakanywe maji, fundo kubwa. Kila mwezi uzi wake. Nikasema alikuwa anafanya hivyo hivyo na ng'ombe wenye mimba, anafunga mafundo ya miezi ili ajue wa...

Sikumaliza sentensi.

Bibi, tangu utotoni nimekuona ukihesabu mimba za ng'ombe kwa mafundo, na sikuwahi kusema ni uganga. Kumbe ulikuwa unaandika. Miezi nane ulikuwa unaandika habari zangu, na mimi nakukemea.

Daktari alizinyoosha zote nane mezani, moja chini ya nyingine, akazipitisha kidole kuanzia ya kwanza. Uzi wa kwanza una nafasi nyingi, mafundo madogo. Wa nne umejaa. Wa saba, makubwa yanagusana. Akaniangalia juu ya miwani yake. "Wewe umeniambia kidogo tu. Bibi yako anasema mpaka ng'ombe wanakwenda kunywa maji, siku ishirini na kitu kwa mwezi. Nimwamini nani?"

Nikasema, "Mwamini Bibi."

Akasema angependa kukupa mkono. Nikamwambia umeshatangulia. Akanisogezea karatasi laini nijifute, maana nilikuwa nimeharibika kabisa.

Akashika kiungo kimoja kimoja, akakibonyeza, na safari hii aliponiuliza kama panauma nilisema panauma sana. Wakachukua damu, wakapiga picha za mikono. Nikalala Mwanza kwa dada mmoja wa kanisani, nikarudi Jumatatu kusikiliza majibu. Ni baridi yabisi, Bibi. Nilimwambia daktari kwamba hiyo ni ya wazee, akasema ile ya wazee ni nyingine, ya viungo kuchakaa. Hii yangu ni askari wa mwili wenyewe waliogeuka kupiga viungo vyangu, na inaweza kumpata hata mtoto. Si zebaki, si wivu wa mtu, si dhambi, si mawazo. Akaniambia haiponi ikaisha kabisa, lakini inatulizwa, na ni bora imeonekana mapema kabla vidole havijapinda.

Utashangaa, nilifurahi. Mtu anaambiwa ana ugonjwa wa kudumu na anatoka nje anatembea kwa madaha. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa muongo, Bibi. Miaka miwili nilikuwa mvivu, mara mwenye ngoma, mara msichana anayetaka mchumba. Siku ile nikawa mgonjwa tu, mwenye ugonjwa wenye jina na vidonge vyake. Nilinunua soda nikainywa nimesimama.

Nilimpigia shangazi simu hapo hapo. Ndipo akanisimulia kitu ambacho hukuwahi kunisimulia, habari za mdogo wako Kundi. Kwamba vidole vyake vilianza kuuma akiwa msichana kama mimi, vikapinda, na huko alikoolewa wakasema ni mvivu wa kulima na kutwanga, wakamrudisha kwenu. Kwamba hata nyumbani aliitwa mvivu mpaka akafa, na wewe ulikuwa unalala naye kitanda kimoja, unaona anavyoamka, na hakuna aliyekusikiliza. Nikaelewa "nitasema mimi" yako. Nilikaa kwenye benchi la stendi muda mrefu, gari la Katoro likaniacha.

Basi ndiyo hiyo radhi yangu. Naiomba bila kuipamba. Nilikutupia bangili yako, nikakuita mganga mbele ya watu, nikaona haya kwa ajili yako, na wewe ndiye mtu pekee aliyeniamini. Nisamehe, mke mwenzangu. Nimeshamwambia na yule jirani aliyekuja kuomba moto, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, maana alisikia lile tusi na ilibidi asikie na hili. Kanisani nako, mama mchungaji aliniuliza vile vitu vya bibi viko wapi. Nikamjibu kwamba kimoja kimo kwenye faili hospitalini, vingine ninavyo. Ni kweli. Daktari ameomba uzi mmoja abaki nao, nikampa wa saba.

Sasa habari njema. Miezi miwili ya kwanza dawa haikufanya lolote la maana, nikaanza kukata tamaa. Ni vidonge vya mara moja kwa wiki, vinanichafua tumbo siku moja, na kila baada ya muda napimwa damu. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nimekaa kitandani, nikasema mwenyewe kwa sauti yako, "Lete mkono." Bangili ikagoma kidogo kwenye dole gumba, halafu ikavuka. Nilipiga kelele mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta akidhani nyoka.

Nimepata kiti kwenye saluni nyingine. Nasuka vichwa viwili kwa siku, sizidishi, na mwenye rasta nyembamba namwambia aje kesho amalizie. Wananung'unika, wanakuja. Yule wa kumenya mihogo amerudi pia, nikamsuka vizuri mpaka akaona aibu mwenyewe.

Na mafundo nafunga. Hapa mtaani ng'ombe hawapiti, lakini maziwa yanapita, yule muuzaji na baiskeli yake saa moja kasoro. Bangili ikivuka kabla hajapiga kengele, naacha nafasi ya kidole. Ikigoma, fundo dogo. Ikigoma mpaka wanapoanza kuuza ugali hapo mbele, fundo kubwa. Safari ya kliniki nakwenda na uzi, nauweka mezani kabla sijasema neno, maana mdomo wangu bado unataka kusema kidogo tu. Wauguzi wameshanizoea, wananiita dada wa mafundo.

Bibi, mteja anakuja, namwona anavuka barabara kashika kichwa kwa mikono yote miwili. Niishie hapa.

Nakwenda Samuye tukimaliza mwezi huu, kumsaidia shangazi kuvuna mtama, mchana tu, usigombe. Barua hii nitakusomea pale ulipolala, na shangazi aseme atakalo. Lakini najua itakuchosha, maneno mengi. Kwa hiyo nitakuletea na uzi wa mwezi huu, niufunge kwenye mti wa lango la zizi, chini kidogo, mahali mkono wako ulipokuwa unafika. Nakuahidi sitaacha kuufunga, na sitafunga kwa uongo, siku mbaya itakuwa mbaya na nzuri itakuwa nzuri. Mpaka sasa uzi huo una mafundo manne, yote madogo.

Uupapase taratibu, Bibi. Zile sehemu ndefu zisizo na kitu, hapo nilikuwa nasuka.

Mke mwenzako,
Milembe